Kuhubiri hukumu mbele ya jeneza

Ijumaa jioni, Kisumu.

Siku nzima magari yenye majeneza yamekuwa yakitoka mochari kuelekea Seme, Nyakach, Siaya na Vihiga. Kesho ni Jumamosi, na karibu kila hema lililopigwa uani litakuwa na mhubiri. Wengi watafungua Waebrania 9:27, kwamba watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Andiko linafaa kabisa. Kinachoniuma ni kwamba hukatwa katikati.

Mwandishi wa Waebrania hakuweka nukta pale. Sentensi yake imejengwa kwa "kama vile" na "kadhalika". Kama vile watu wanavyokufa mara moja kisha hukumu, kadhalika Kristo alitolewa sadaka mara moja azichukue dhambi za wengi, naye atatokea mara ya pili awaletee wokovu wanaomtazamia. Hiyo ni 9:28. Anayefunga Biblia kwenye 27 amesoma nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo Injili yenyewe. Waefeso 2 nayo hukatwa hivyo hivyo. Watu husoma mstari wa 8 na wa 9, kwamba tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, wakanyamaza kabla ya wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Msikilizaji wa kwanza huenda nyumbani na hofu bila Mwokozi. Wa pili huenda na Mwokozi asiyemdai lolote.

Kosa zito zaidi ni kumhukumu marehemu. Mhubiri huangalia jinsi mtu alivyokufa, ajali, ulevi, umeme, ugonjwa wa ghafla, akatangaza alikokwenda. Yesu alilijibu jambo hili waziwazi. Katika Luka 13 watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine? Jibu lake ni fupi: "Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Hakusema neno juu ya mahali waliko wale waliokufa. Onyo lote aliwaelekezea waliosimama mbele yake. Bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40 hapo kaunti ya Nakuru, wengi wao wakiwa watoto na kina mama, hili ndilo andiko lililostahili kusomwa, na lisomwe mpaka mwisho wake.

Kuna pia kosa la upande wa pili, ambalo hutendwa kwa upole na kwa hiyo halikemewi. Marehemu alikuwa na cheo, au familia imegharamia mahema na chakula cha umati, basi mhubiri anamfikisha mbinguni kwa kauli yake mwenyewe. Wote wawili wamekalia kiti kisicho chao. Yohana 5:22 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Wakorintho walipoandikiwa kwamba sote lazima tudhihirishwe mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo (2 Wakorintho 5:10), walijua kiti hicho kinafananaje, kwa sababu Paulo mwenyewe aliwahi kuburutwa mbele ya kile cha liwali Galio mjini mwao. Habari njema ni nani amekikalia sasa: yule yule aliyebeba dhambi. Anayemwondoa Kristo kitini ili akikalie yeye, hata kwa dakika 5, anaiondoa na faraja.

Hema la mazishi huku magharibi halina kanisa moja. Chini ya turubai lile lile hukaa Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, Marafiki (Quakers) wa Kaimosi, watu wa kanisa la African Israel Nineveh na wa Legio Maria, mara nyingi wakiwa ndugu wa tumbo moja. Mhubiri asiyejua wanachoamini huwajeruhi bila kujua. Mkatoliki anafundishwa kuna hukumu ya kila nafsi mara tu baada ya kifo, na hukumu ya mwisho siku ya ufufuo. Toharani kwake si nafasi ya pili ya kuokoka. Ni utakaso wa aliyekwisha kuokolewa, na kuikejeli kana kwamba ni mlango wa nyuma ni kumsingizia. Waanglikana waliikataa katika kifungu cha 22 cha zile kanuni zao 39, lakini wakiikataa waijue. Msabato anaamini marehemu amelala, hajui neno lolote (Mhubiri 9:5), na kwamba kazi ya hukumu mbinguni ilianza tarehe 22 Oktoba 1844, kwa hesabu ya siku 2,300 za Danieli 8:14. Ukisema "sasa hivi anatutazama kutoka juu", nusu ya wasikilizaji wako kutoka Kendu Bay au Nyamira hawako nawe tena.

Swali la "umeokoka lini?" nalo lina historia yake hapa, ya Uamsho uliotoka Rwanda na kuenea Kenya kuanzia miaka ya 1930. Uliwafundisha watu kuungama dhambi kwa majina, jambo jema sana. Uliacha pia kipimo cha kuwagawa ndugu. Ugomvi wa waliookoka na wasiookoka ulichangia mpasuko wa Waanglikana wa Nyanza mwaka 1957, kundi la Johera lilipojitenga likiongozwa na Matthew Ajuoga. Kwenye mazishi ninaliacha kabisa swali hilo kwa habari ya marehemu.

Sasa muda. Programu husema mahubiri saa sita, lakini hotuba za wanasiasa hula mpaka saa nane na jua limewachosha watu. Zungumza na mwenyekiti wa kamati siku moja kabla, neno litangulie wageni wa heshima. Ukipewa dakika 20 na kuna mkalimani wa Kijaluo au Kiluhya, una dakika 10 tu. Tayarisha hoja moja. Yohana 5:24 inatosha: aliyesikia na kuamini amepita kutoka mautini kuingia uzimani. Tenzi zisirefushwe.

Wito wa toba usifanywe kaburini, udongo ukiwa unaanguka. Mikono mingi itainuka, na mingi ni ya kilio. Ufanye mwisho wa mahubiri, kwa maneno machache, kisha majina yaandikwe na kuachiwa kanisa la mtaa, si kubebwa kwenye simu ya mhubiri mgeni. Mtu atembelewe ndani ya wiki moja. Hapo ndipo wengi hupotea.

Lililo gumu kuliko yote ni mazishi ya aliyejiua. Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 kilikataza ibada yake isomwe juu ya mtu kama huyo, na desturi hiyo bado inasikika vijijini: azikwe usiku, bila wimbo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inasema mahangaiko makubwa ya nafsi yanaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Soma Zaburi ya 88 yote, ambayo huishia gizani bila kufarijiwa, kisha Warumi 8:38-39 kaburini. Mzee anayetaka kueleza chanzo cha kifo asipewe kipaza sauti.