Mimi ndio nilikuwa simu ya nyumba

Kwetu Nakuru mzee na kakangu mkubwa walikaa miaka mitatu bila kusemezana na mimi ndio nilikuwa simu yao. "Mwambie ndugu yako alete panga yangu." "Mwambie mzee nimeskia." Na wote wamekaa meza moja, chapati ziko katikati!

Kisa ni kashamba ka Njoro mzee aliuza, kaka anasema ilikuwa sehemu yake. Wazee walikuja, pasta akaja, wakatafuta nani mwenye makosa, wakanywa chai wakaenda, kimya kikarudi palepale. Mama ndiye alisema twende kwa kaunsela sote. Mzee siku ya kwanza alikataa kukaa, akasimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu anangoja matatu.

Huyo mama kaunsela hakuuliza nani alikosa. Alitoa karatasi ya manila akatuchora, wanaume miraba, wanawake duara, huo mchoro wa familia wanaita jenogramu, kati ya mzee na kaka akapiga laini ya zigizaga, yaani ugomvi. Halafu akauliza, na wewe mzee na babako mlikuwa aje? Mzee akanyamaza weee, mpaka nikasema ameudhika. Akasema alimzika babake bado hawasemezani, juu ya shamba pia. Zigizaga ingine ikachorwa juu ya ile yetu. Kaka aliangalia hiyo karatasi hadi sesheni ikaisha.

Mimi nami nilijua nimekuja tu kama shahidi, kumbe. Akanichora katikati yao, pembetatu. Akasema kuna daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, alifundisha hiyo maneno, ati wawili wakichemka wanavuta wa tatu ndio joto lipungue, sasa wanaweza kaa hivyo hata miaka juu hakuna kinachowalazimu waongee. Na mimi, nisidanganye, nilipenda kuwa huyo wa tatu. Kazi niliyopewa ni kujibu "mwambie mwenyewe" na kunyamaza. Hiyo wiki ya kwanza ilikuwa moto, hadi mama akaniambia nimekosa adabu.

Mambo ya shamba bado hayajaisha, wanabishana lakini sasa wanabishana wao wenyewe. Jumapili iliyopita simu ya mzee ikalia, kumbe ni kaka anauliza kama ng'ombe amezaa. Wakaongea karibu nusu saa. Mimi sikuulizwa kitu, nikaskia wivu kidogo.