Siku moja maishani mwangu: wiki ya bajeti kiwandani kwetu, Singida

Saa 12 asubuhi. Mwezi wa sita Singida ni upepo na baridi mtu anatembea na koti, na malori ya alizeti ndo yameanza kuingia mjini. Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, mwaka wetu wa mahesabu unaanza Julai mosi, kwahiyo leo jioni bajeti ya mauzo na ya uzalishaji lazima iwe mezani kwa bosi kabla hajaenda vijijini kuongea na wakulima. Alizeti inavunwa mara moja tu kwa mwaka. Ukikosea idadi ya magunia sasa hivi, mwezi wa kwanza utanunua kwa bei ya mlanguzi na hapo faida yote imeondoka. Mwaka jana yalitukuta, sitaki yarudi.

Saa 1. Nimemkuta fundi mkuu anapasha mashine moto. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, leo mbona mapema?" Nikamwambia nataka nipime, tuweke gunia 10 peke yake, tuzipime kwenye mizani kabla, halafu tupime na mafuta yatakayotoka. Miaka yote kwenye bajeti tunaandika alizeti inatoa mafuta asilimia 28 ya uzito wake, na hakuna anayejua hiyo 28 ilipimwa lini. Gunia 10 zikaja kilo 650. Akawasha.

Saa 2, stoo. Daftari linasema tuna madumu 340 ya lita 20. Tumehesabu na mama wa stoo mara mbili, moja moja kwa mkono, ya kuuza ni 300. Hizo 40 zipo ila haziuziki: 26 zimerudishwa na wateja vifuniko vinavuja, 14 mafuta yake yana tope yanasubiri kuchujwa upya. Mama wa stoo aliingia wasiwasi, nikamwambia mama usijali, umeandika kilichoingia mlangoni, ila mimi kwenye bajeti nikianza na 340 nitakuwa nimehesabu madumu 40 ambayo hayauziki.

Saa 3 na nusu, mvutano wa mauzo. Kaka wa mauzo kaja na namba moja tu, madumu 6,000 kwa mwaka. Risiti zetu za mwaka unaoisha zinasema 4,850. Nikamuuliza kaka hizo nyingine 1,150 atanunua nani, akasema "dada soko lipo, wee weka tu". Hapana, siweki tu. Tukakaa tukaanza upya mji kwa mji na mwezi kwa mwezi, Singida mjini, Manyoni, Dodoma, wale wa Mwanza wanaokuja na lori lao. Shule za bweni zinachukua kwa wingi zinapofungua Januari na Julai, wakati huohuo mteja wa kawaida Januari kabanwa na ada anarudi kwenye kupimiwa robo lita. Ramadhani wauza vitafunwa wanamaliza mafuta balaa, lakini Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwahiyo ukikopi tu mwezi wa mwaka jana unaweza kujikuta mzigo umechelewa. Hapo yule kaka akatoa daftari lake dogo la oda alizokosa kupeleka kwa sababu mwezi wa pili hatukuwa na mbegu, tukazijumlisha zikawa kama 450. Hiyo ndo namba ninayoiamini! Mtu alikuja na hela yake akaondoka mikono mitupu. 4,850 na 450, tukafunga kwenye 5,300 na wote wawili tukasaini.

Mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, nayo tumeyaweka kwenye mauzo safari hii, zamani yalikuwa yanaachwa yanaandikwa "mengineyo". Karibu asilimia 70 ya uzito wa mbegu inatoka kama mashudu, na kuanzia Agosti mpaka Novemba malisho yakikauka wafugaji wanayagombania, hiyo ni hela ya kulipa umeme na mishahara.

Saa 5 na nusu. Mafuta yamechujwa, tukapima: kilo 169. Nikagawanya kwa 650 mara tatu kwenye simu, asilimia 26. Fundi hakubisha. Akachota mashudu ya moto, akayafunga kwenye kipande cha gazeti akakamua kwa kiganja, kufungua gazeti limelowa doa la mafuta mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana. "Unaona mwanangu, tunauza mafuta kwa bei ya mashudu. Skrubu ya ndani, ile inayokandamiza mbegu, imelika, nimesema tangu Februari." Nikalikunja lile gazeti nikaweka kwenye faili.

Saa 8 mchana, ofisini na ugali na dagaa pembeni, Ekseli imefunguka. Mauzo 5,300, juu yake naongeza madumu 400 ya akiba ya mwisho wa mwaka kwa sababu mbegu mpya za mwezi wa sita bado zina unyevu na zinahitaji kuanikwa, natoa 300 zilizopo stoo, uzalishaji ni madumu 5,400. Hizo ni lita 108,000, na lita ya mafuta ya alizeti ina uzito kama wa gramu 920. Kwa asilimia 28 nahitaji gunia kama 5,460 za kilo 65. Kwa asilimia 26, 5,880. Tofauti gunia 420! Tukiweka kilo ni shilingi 1,000 kwa hesabu rahisi ni zaidi ya milioni 27, zinazoondoka na yale mashudu yenye doa. Wakati mashine yenyewe inasaga kilo 250 kwa saa, ikipata umeme saa 6 kwa siku kazi yote ya mwaka inaisha. Kwahiyo kinachotubana ni mbegu na hela ya kuzinunulia, mashine ina nafasi kibao, na wanaosema tuongeze mashine ya pili waangalie hapo kwanza.

Saa 10 na nusu, kwa bosi. Mzee kasoma ukurasa wa kwanza kimya, akauliza hela ya gunia 5,880 itoke wapi, yeye anayo ya 4,000 mpaka Agosti. Nikamwambia mzee, kama mbegu ni 4,000 basi tushushe na mauzo, tusiandike madumu ambayo mbegu zake hatuna. Nikamtolea na lile gazeti. Kaligeuza kwenye mwanga wa dirishani, kaliangalia muda mrefu, kisha kampigia fundi: "Hiyo skrubu inapatikana wapi na bei gani?" Kwa gunia zinazopelea kasema atawaona watu wa benki kesho kutwa, nimuandalie mtiririko wa fedha wa mwezi kwa mwezi.

Saa 2 usiku, nipo nyumbani, watoto wamelala. Fundi kanitumia meseji skrubu itafika baada ya wiki tatu na kufunga ni siku mbili. Nimefungua laptopu, Julai nimeweka asilimia 26, Agosti nimeacha 26 maana lazima tupime tena kwanza, na kwenye tarehe mosi Agosti nimeandika: gunia 10, mizani, fundi awepo.