Fes nilipanga usiku mmoja, nikalala minne

Likizo ya Morocco ilikuwa siku saba tu, kuomba zaidi ni kutafutana maneno na bosi. Basi mimi na binamu yangu tukakaa barazani kwao Mkunazini, Unguja, na daftari tukaanza kugawa: Casablanca usiku mmoja, Fes mmoja, Chefchaouen mmoja (ule mji wa bluu ambao kila mtu anapiga picha kwenye ngazi zake), Marrakech miwili, halafu turudi Casablanca kupanda ndege. Kwenye daftari ilikaa vizuri sana tena tukaona tumebana bajeti kijanja, shida daftari lilikuwa na siku tu, masaa hatukuandika.

Masaa ndo yanayomaliza watu Morocco. Nchi inaonekana ndogo kwenye ramani ya simu ila treni ya Casablanca kwenda Fes ni kama masaa manne, Fes kwenda Chefchaouen hamna treni kabisa ni basi na nalo ni masaa manne hivi kwenye milima, na ukitaka kutoka Fes mpaka Marrakech kwa treni ni masaa saba, yani siku imekwisha umekaa unaangalia mizeituni dirishani. Ile plani yetu tungetumia nusu ya likizo tumekaa kwenye viti. Hayo tumekuja kuyapigia hesabu tukiwa tayari ndani ya treni Alhamisi, binamu kashika simu anajumlisha, mara akaniangalia akasema, "Kaka, hii safari tumepanga kama tunafukuzwa."

Tukafika Fes alasiri. Teksi ndogo nyekundu ikatushusha Bab Boujloud, lile lango lenye vigae vya bluu upande wa nje na kijani upande wa ndani, kutoka pale ni miguu kwa sababu gari haziingii mji wa kale. Sasa sisi tumekulia Mji Mkongwe, vichochoro vya Kiponda na Hurumzi tunavipita usiku umeme umekatika, kwahiyo nikajipa ukubwa nikakataa yule kijana aliyejitolea kutupeleka. Kosa. Mji Mkongwe ukipotea dakika kumi utatokea baharini au Darajani. Fes el-Bali wanasema ina vichochoro zaidi ya 9,000, vingine mabega yanagusa kuta pande zote mbili, vingine vinaishia mlangoni kwa mtu, na ramani ya simu inakuona umesimama juu ya paa. Tulizunguka na mabegi kama saa nzima hivi, kila baada ya muda unasikia nyuma "Balak! Balak!" ni punda kabeba ngozi au mitungi ya gesi, unajibana ukutani apite. Mwisho ni yuleyule kijana niliyemkataa ndo alituokota tukamlipa.

Mzee mwenye nyumba tuliyofikia (nyumba ya zamani yenye ua katikati, wao wanaita riad) akatupa chai ya nanaa akauliza tunakaa siku ngapi. Kiarabu chetu ni cha chuoni na chao cha mtaani kinakwenda mbio, ila hilo tulilielewa. Nikamwambia kesho saa saba mchana tunaondoka. Hakusema kitu, akatazama kalenda ukutani, akasema, "Kesho Ijumaa, ya khoya," yani ndugu yangu.

Sikuelewa uzito wake mpaka asubuhi. Ijumaa mji wa kale wa Fes unafungwa, sio wote lakini maduka mengi sana, kuanzia karibu na adhuhuri milango ya mbao inateremshwa na Talaa Kebira yote, ule mtaa mkuu wa maduka, ambayo jana yake ulikuwa unasukumana na watu inabaki na paka. Yani tulichagua Fes siku moja na siku yenyewe ndo hiyo. Mtu aliyekuja kununua viatu vya ngozi angelia.

Sasa hapa ndo mambo yakageuka, maana sisi tulikuwa tunataka kuswali Ijumaa popote halafu tukimbilie basi, mzee akasema twende naye Qarawiyyin. Msikiti huo wanasimulia umeanzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, na ndani yake kikakua chuo ambacho wengi wanakihesabu kuwa kikongwe kuliko vyuo vikuu vyote duniani. Wasiokuwa Waislamu wanaishia mlangoni kuchungulia, ndo utaratibu wa misikiti mingi kule, ule wa Hassan II wa Casablanca ndo wana ziara za kulipia. Sisi tukaingia, tukatia udhu, tukakaa kwenye mikeka kati ya nguzo nyeupe, mzee mmoja pembeni yangu akanisogezea nafasi bila hata kuniangalia usoni, kama mtu anayemsogezea jirani yake wa kila wiki. Kutoka hapo nyumbani kwa mzee kuna sinia la kuskusi na mboga saba juu yake, kuskusi ni chakula cha Ijumaa kule kama sisi na pilau ya sikukuu, mkewe akawa anasukuma nyama upande wetu na ukisema umeshiba anaona kama umemtukana. Tulipokumbuka basi la Chefchaouen lilishaondoka. Hela ya chumba kule ikapotea, hawarudishi, na sikulala na hasira hata kidogo.

Jioni tukapanda mlimani kwenye makaburi ya Wamarini, masultani wa zamani, mji wote uko chini, adhana zinaanza moja moja mpaka zinakuwa nyingi huwezi kuzitenganisha. Binamu akatoa daftari akaikata Marrakech kwa peni.

Jumamosi ndo Fes ya kelele ilirudi. Asubuhi bisara, supu ya maharage ya fava yaliyopondwa na mafuta ya zeituni juu, dirham chache tu na mkate. Halafu Chouara kwenye mashimo ya ngozi, na nenda asubuhi watu wakiwa kazini. Unapanda juu ya duka la ngozi, wanakupa tawi la nanaa ushike puani, maana yale mashimo meupe ni chokaa na kinyesi cha njiwa, ndo kinacholainisha ngozi, na wanaume wamesimama humo miguu mitupu. Nanaa haisaidii sana. Ukishuka wanategemea ununue, ukikataa kwa adabu hamna ugomvi. Karibu na pale uwanja wa Seffarine, mafundi wa shaba wanagonga masufuria makubwa ya harusi, kila mmoja na mdundo wake, tulikaa hapo na chai zaidi ya saa. Kwenye plani ya kwanza saa hiyo isingekuwepo.

Madrasa ya Bou Inania niliiweka mwisho nikidhani ni vigae tu. Aliyeijenga ni sultani Abu Inan, miaka ya 1350, na ndo huyohuyo aliyeamuru safari za Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika mpaka pwani yetu, ziandikwe, Ibn Battuta akasimulia na Ibn Juzayy akaandika, wakamaliza 1355. Yani habari za Kilwa na Mombasa ya mwaka 1331, misikiti ya mbao na watu wanaokula ndizi na samaki, zimewekwa kwenye wino kwa amri ya mwenye jengo hili. Nikamwambia binamu, unajua Ibn Battuta Mombasa alilala usiku mmoja tu? Akasema, "Huyo alikuwa na plani kama yetu." Tukacheka mpaka mlinzi akatugeukia.

Jumapili Meknes, treni haifiki hata saa moja, tukaona lango la Bab Mansour na mabaki ya majengo ya sultani Moulay Ismail tukarudi kulala Fes kwa mzee, bila kuhamisha begi. Kukaa sehemu moja na kutoka asubuhi kurudi jioni kunaokoa muda kuliko kubadilisha hoteli kila siku, kila uhamisho unakula nusu siku ukitaka usitake. Jumatatu tukashuka Rabat maana iko njiani, mji mtulivu, mnara wa Hassan ulianza kujengwa miaka ya 1190, sultani akafariki 1199 ukabaki hapohapo mita 44. Siku moja iliutosha, labda hata kidogo ilizidi.

Kwahiyo ukiniuliza Fes siku ngapi nakwambia siku tatu kamili, ile ya kufika usiihesabu, itaishia kwenye kupotea na mabegi. Na kabla ya idadi angalia kwanza ni siku gani za wiki. Kama unafuata soko ikwepe Ijumaa, kama unafuata swala na sinia la kuskusi ipange iwe katikati.

Mke wa mzee alitufungia vitumbua vyao vya asali kwenye mfuko wa nailoni. Vilifika Doha, Unguja havikufika.