Rudia Wimbo!

Ndugu ya mama alikuwa opareta wa sinema mjini Kisumu miaka ya 1980. Jumamosi moja mama alinituma nimpelekee chakula, ugali na samaki wa kukaanga. Tulikaa landhi za reli, si mbali, na nilijua nitakiacha mlangoni nirudi. Mjomba akanionyesha stuli pembeni. "Kaa hapo. Usiguse kitu mpaka nikwambie."

Kile chumba kilikuwa joto tupu. Mashine zilikuwa mbili, na ndani ya kila moja vijiti viwili vya kaboni vilikaribiana bila kugusana, vikatoa mwanga ambao mjomba aliutazama kupitia kioo cheusi tu. Vijiti vikiliwa na moto, anavisogeza. Filamu yenyewe, ya Kihindi, ya karibu saa tatu, ilikuja kwa mikanda tisa, kila mmoja wa dakika 20 hivi na urefu wa mita 600. Mkanda ukikaribia kwisha, kidoa kinachomoza kwenye kona ya juu kulia ya picha, naye anawasha mota ya mashine ya pili. Kidoa kingine kikitokea, anabadilisha, na walio ukumbini hawana habari. (Tangu siku ile nikitazama filamu ya zamani, jicho langu liko kwenye ile kona.)

Wimbo wa taifa ulipigwa, watu wakasimama, wakakaa, kelele zikaanza. Juu kwenye balkoni walikaa Wahindi wenye maduka ya barabara ya Oginga Odinga na familia zao, pamoja na mwenye jumba. Chini, kwenye viti vya bei nafuu, walijaa makuli wa bandarini, wanafunzi, na akina mama waliofunga vibanda mapema. Steringi, yule shujaa wa filamu, akinyemelewa kwa nyuma, chini wote wanamfokea ageuke.

Mkanda wa tatu uliishia na wimbo. Mjomba akabadilisha mashine, ikaja picha ya mahakama, na hapo ukumbi ukachafuka. "Rudia! Rudia wimbo!" Viti vikagongwa. Mjomba alicheka tu, akaendelea na kazi yake, hadi kijana wa tiketi alipoingia akihema.

"Fundi, mzee anasema urudie."

Mjomba alifunga mwanga kwanza, ndipo akazima mota, kwa maana mkanda ukisimama mbele ya moto ule unaungua. "Sasa njoo uguse," akaniambia, akanipa mkono wa chuma wa kuzungusha. Mkanda hupita picha 24 kila sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika tano ni kama mita 140. Hatukuhitaji kuurudisha wote. Nilizungusha mpaka akasema basi, akaupachika tena.

Ukumbi mzima uliimba, kwa Kihindi ambacho wengi wetu tulikijua kwa sikio tu. Nilichungulia kidirishani. Mwenye jumba alikuwa amesimama, anapiga makofi kuliko wateja wake.

Siku hizi nimeingia sinema za kwenye maduka makubwa. Viti laini, sauti inatikisa mbavu, na picha inaendeshwa na kompyuta. Ukipiga kelele utamwambia nani? Ndiyo maana siwashangai watu wanaoshikilia vijumba vidogo vya sinema vya mtu binafsi, popote vilipo: mwenyewe yumo ndani, anasikia. Kwenye simu yangu narudia wimbo nitakavyo, na sijawahi kuhisi nimeshinda kitu.

Mimi niliachiwa kazi ya kuurudisha ule mkanda wa tatu hadi mwanzo wake, mkono unauma, nimeinama. Nilipoinua kichwa, baba yake steringi alikuwa chini, damu kifuani.

"Mjomba, nani amempiga risasi?"

"Sijui," akasema. "Mimi huangalia vidoa."