Tulivyoanzisha Huduma ya Michezo Kanisani Likoni kwa Matembezi ya Kina Mama

Baraza la kanisa letu lililoko Likoni, Mombasa, liliponikabidhi mimi, shemasi, jukumu la kuanzisha huduma ya michezo, karibu kila niliyezungumza naye alinishauri ninunue mipira miwili na seti ya jezi, niwaite vijana, na mengine yatajipanga yenyewe. Sikuufuata ushauri huo. Nilikuwa nimeona namna mambo yanavyokwenda kwingine: timu huzuka kabla ya Pasaka, hucheza kombe moja, hugombana juu ya nauli na namba za jezi, na kufika Desemba mipira imepasuka na kocha ameshahama. Nikaamua kwamba huduma yetu itaanza na watu ambao bila wao kanisa halifunguki, yaani kina mama, tena kwa jambo lisilohitaji uwanja, filimbi wala jezi, nalo ni kutembea.

Sababu yangu haikuwa ya kinadharia. Katika kila kikao cha kina mama palikuwa na mtu anayeombewa presha au sukari, na maombi hayo yalikuwa yakirudiwa kwa majina yale yale. Muuguzi mmoja mstaafu wa kanisani alikubali kuja na kipimo chake cha presha kabla ya matembezi na kuandika matokeo kwenye daftari linalofungiwa kabatini, maana habari za afya ya mtu si za kusomwa na kila apitaye. Aliyeonekana kuwa na 140 kwa 90 au zaidi aliambiwa akapimwe tena katika kituo cha afya, na tangu siku ya kwanza tulisema wazi kwamba hakuna atakayeacha dawa kwa sababu ameombewa au kwa sababu ameanza kutembea. Jambo hili nililisisitiza kuliko yote, kwa kuwa kanisani mtu huweza kuufanya uzembe wa kumeza dawa uonekane kuwa imani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Tulizigawa dakika hizo kwa namna ambayo mama mwenye kazi na watoto angeiweza: Jumanne na Alhamisi baada ya maombi ya alfajiri, kisha mzunguko mrefu wa Jumamosi, na siku nyingine kila mtu atembee mtaani kwake. Kipimo cha kasi kilikuwa rahisi, kwamba anayetembea inavyotakiwa anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Wanakwaya wetu walikifurahia sana kipimo hiki, na ilibidi niwaombe waache kukijaribu katikati ya barabara.

Suala la mavazi lilichukua muda mrefu zaidi ya nilivyodhani. Nilipopendekeza suruali za mazoezi, katibu wa kina mama alinijibu mbele ya wote, "Mwanangu, nikipita sokoni na suruali, baba watoto ataniuliza nimeolewa na nani." Dera nalo, kwa upana wake, humnasa mtu miguuni anapoharakisha. Kina mama wenyewe ndio waliolipatia ufumbuzi: suruali ya trakisuti ndani, na leso moja imefungwa kiunoni kwa fundo la ubavuni, si la mbele, ili hatua iwe ndefu. Pindo la leso hupandishwa mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu, na ile ya pili huachwa begani kwa ajili ya kujifuta jasho, kwani hewa ya Mombasa, hata alfajiri, ni nzito kwa unyevu. Raba ndizo zilizokuwa gharama ya pekee, na wengi walizipata za mitumba katika soko la Kongowea.

Mzunguko wa Jumamosi ulikuwa wa kuvuka kivuko. Mtembea kwa miguu halipi katika feri ya Likoni, na yeyote aliyewahi kuupanda ule mwinuko wa upande wa kisiwani akiwa na haraka anajua kwamba hapo pana mazoezi tosha. Tulikuwa tukishuka na umati wa asubuhi, tukipanda pole pole hadi juu, kisha tukishika njia ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, bahari ikiwa kushoto wakati wa kurudi. Kanuni ilikuwa moja tu: mihogo ya kukaanga hainunuliwi kabla ya mzunguko kumalizika.

Baada ya miezi kadhaa nilirudi barazani kuomba fungu katika bajeti ya mwaka. Mzee mmoja alisimama na 1 Timotheo 4:8, akasema kwamba Paulo mwenyewe anayaona mazoezi ya mwili kuwa na faida ndogo yakilinganishwa na utauwa, na kwamba kanisa linaiga mtindo mpya wa mjini. Juu ya Paulo sikubishana naye, kwa sababu alikuwa amesoma sawasawa. Juu ya upya nilimweleza kwamba mwaka 1844, mmishonari Krapf alipofika Mombasa, ndio mwaka ambao George Williams na wenzake walianzisha YMCA, chama cha vijana Wakristo, mjini London, na kwamba mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 katika chuo cha YMCA huko Springfield, Marekani, ili vijana wapate mchezo wa ndani wakati wa baridi. Mpira wa wavu nao ulitokana na William Morgan wa YMCA mwaka 1895. Hata hivyo, sidhani kwamba historia ndiyo iliyopitisha fungu lile. Lililopitisha ni kwamba wake za wazee wenyewe walikuwa wakitembea, na wazee waliona nyumbani kwao ni nani sasa anapanda ngazi bila kusimama.

Hapo ndipo tulipowaita vijana. Kina mama tayari walikuwa na mfuko wao, uliotokana na mahamri na mbaazi wanazouza baada ya ibada, na ndio walionunua mipira. Kwa hiyo, tangu mwanzo timu ilikuwa na wenyewe. Kijana aliyemtukana refa hakuitwa na kocha, aliitwa na mama aliyechangia mpira, tena mbele ya mamake, na nakiri kwamba njia hii ina nguvu kuliko kadi nyekundu.

Uwanja wa shule ya jirani tuliupata kwa barua siku za kati ya wiki, saa kumi na nusu, jua linapopungua ukali, hadi karibu na magharibi. Siku za Jumamosi shule hutumia uwanja wake, nasi tukahamia ufukweni Shelly. Ufukwe una ratiba yake ambayo haiulizi kocha. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji hujaa jioni na kupwa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mechi huchezwa saa tatu asubuhi juu ya mchanga mgumu uliolowa. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hupwa alasiri, ingawa si mbali, na uwanja huwa mwembamba. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi ndiye aliyetupangia ratiba ya msimu mzima kwa kuhesabu siku za mwezi, na hakuna mechi hata moja iliyoliwa na maji.

Likoni ni mtaa wa majirani wa dini mbili, na haikupita muda kabla vijana Waislamu hawajaomba kucheza. Tuliandika barua kwa wazazi tukieleza kwamba timu ni ya kanisa, kwamba kabla ya mazoezi husomwa neno fupi na kufanywa sala, na kwamba asiyependa kuhudhuria sehemu hiyo atakuja baadaye kidogo bila kuulizwa wala kupoteza namba yake. Nilipinga, na bado napinga, mawazo ya kuutumia mpira kama chambo kwa kijana wa mtu. Mzazi akishajua kilichoko mezani, huamua mwenyewe, na wengi waliruhusu. Katika mwezi wa Ramadhani hatukupanga mechi za mchana, na mazoezi yakawa mepesi.

Kuhusu watoto wadogo hatukuwa na mzaha. Kila anayewafundisha alileta cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, hata wale tuliowajua tangu utoto wao, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, awe anambadilisha jezi, anamfunga jeraha au anamsindikiza nyumbani. Wapo waliochukizwa wakisema tunawashuku ndugu. Tuliwapa chai, tukawashukuru, na sharti likabaki.

Suala la Jumapili lilikuwa gumu kwa vijana waliotamani kuingia ligi, kwa kuwa mechi nyingi hupangwa siku hiyo. Niliwasimulia habari za Eric Liddell, ambaye katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 aliacha mbio za mita 100 kwa kuwa mchujo wake uliangukia Jumapili, akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, kisha akaenda kuwa mmishonari China. Mlinzi wetu wa kati aliuliza, kwa haki kabisa, kama Liddell angekumbukwa iwapo angeshindwa hizo 400. Sikuwa na jibu zuri. Tulibaki na Jumamosi, tukawa tunacheza na timu za makanisa mengine na za mitaa, na wawili waliotaka ligi tuliwaruhusu wakajiunge na klabu za nje huku wakiendelea kufanya mazoezi nasi.

Msimu wa uchaguzi uliletea timu ofa ya jezi zenye picha kifuani. Tulikataa kwa barua ya heshima, tukaendelea na vizibao vya rangi mbili vilivyoshonwa na fundi wa kanisani.

Kundi lililobaki nyuma ni la wanaume wa makamo. Kutembea na kina mama wanaona ni kuandamana na mkutano usiowahusu, na kucheza mpira magoti hayakubali. Kwa sasa tumewapa kazi ya milingoti ya goli: kila Jumamosi huibeba kutoka stoo ya kanisa hadi ufukweni, huichimbia mchangani, hushika bendera za pembeni kwa kipindi kizima, kisha huirudisha. Muuguzi wetu amewasogezea kipimo chake hapo hapo stoo, na wiki iliyopita wanne walikunja mikono ya shati wakapimwa.