Ndoo niliyobeba wiki ya tatu

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu umeandikwa hivi: kulia 90, kushoto 120. Chini yake: kulia 70, kushoto 105. Ni daftari la hesabu, lile la watoto wa shule, na namba hizo ni mililita za maji mekundu yaliyokuwa yakishuka kwenye mipira miwili iliyotoka ubavuni mwangu, mmoja kila upande, hadi kwenye vichupa nilivyovifunga kiunoni. Nesi alinifundisha kupima asubuhi na jioni, kumwaga, kukibinya kichupa ili kivute tena, kisha kuandika. Mpira hutolewa maji yakishuka chini ya 30 kwa saa 24. Wa kulia ulitoka siku ya sita, wa kushoto siku ya tisa. Siku hiyo ya tisa nilidhani nimepona.

Leo ni wiki ya kumi na tisa tangu nipasuliwe.

Nilitaje jambo lenyewe kwa jina lake, maana nimelizunguka muda mrefu. Nilikuwa na matiti ya silikoni. Hapa kwetu ukisema vipandikizi, watu hudhani vile vijiti vya uzazi wa mpango vya mkononi, na mimi kwa miaka 13 sikumsahihisha mtu. Niliwekewa Istanbul mwaka 2012, enzi nilipokuwa nakwenda mara mbili kwa mwaka kufungasha nguo za duka langu la Makoroboi, hapa Mwanza. Nilikuwa na miaka 31, nimenyonyesha watoto wawili, na nilitaka. Sina sababu kubwa kuliko hiyo. Niliyapenda kwa miaka kama minane, na sitasema uongo kwamba sikuyapenda.

Nilichoelezwa kwa haraka, kalamu ya kusaini ikiwa tayari mkononi, ni kwamba hayakutengenezwa yakae maisha yote. Mwili ukiingiziwa kitu kigeni hukizungushia ganda la kovu. Ndivyo ulivyoumbwa. Kwa wengi ganda hilo hubaki laini. Langu la kushoto lilianza kukaza mwaka 2021 hivi. Titi likapanda juu, likawa gumu kama embe bichi, usiku sikuweza kulilalia. Madaktari hupima ukazaji huo kwa madaraja manne: la kwanza huwezi kulitambua kwa kuangalia wala kwa kugusa, la nne umbo limeharibika na linauma. Niliambiwa niko la nne.

Daktari wa Dar es Salaam, kabla hajauliza habari ya maumivu, aliuliza kadi. Ni ile kadi unayopewa siku ya kuwekewa, yenye jina la kampuni, namba ya kifuko cha silikoni, na maelezo kama uso wake ni laini au wa kukwaruza. Alinieleza kwamba kuna saratani ya nadra ya mfumo wa limfu inayoota kwenye lile ganda la kovu, siyo kwenye titi lenyewe, na imehusishwa zaidi na vifuko vya uso wa kukwaruza. Kwa sababu hiyo, Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa vyake vya aina ya BIOCELL sokoni dunia nzima. Vyangu vilikuwa laini. Kadi niliikuta ndani ya bahasha ya cheti cha kuzaliwa cha mwanangu Neema, nikiwa nimepekua kabati lote huku mikono inatetemeka. Dada unayesoma hapa na una vya kwako, itafute kadi leo, kabla ya shida. Walitoa vifuko pamoja na ganda lote pande zote mbili, ganda likapelekwa maabara, majibu yakarudi salama.

Nikapanda ndege kurudi Mwanza, na nyumbani nikasema nimetolewa uvimbe.

Uvimbe mdogo, nikaongeza, ili wasije wakawaza saratani. Sasa mtu aliyetolewa uvimbe mdogo, huku kwetu Igogo, wiki ya tatu anatarajiwa awe anafua. Karatasi ya daktari ilisema nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 2, nisiinue mikono kupita mabega, wiki sita. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro.

Nyumba yangu iko juu kwenye majabali, kama nyumba nyingi za mlima huu. Kutoka barabarani ni ngazi 63, nyingine za saruji, nyingine ni jiwe lenyewe limechongwa. Mwishoni mwa Agosti maji ya bomba yalikatika siku tatu mfululizo. Neema yuko shule ya bweni, kaka yake yuko chuo. Jirani wa chini ana tangi, na kwa wema wake akaniita: "Mama Neema, njoo uchote kabla hayajaisha!" Ningemjibu nini? Nilichota ndoo ya lita 20. Kuitwisha nilishindwa, mkono haukupanda, nikaibeba kwa mkono wa kulia, nikahamishia wa kushoto, nikapumzika kila ngazi kumi. Ukisimama pale unaliona ziwa lote mpaka ng'ambo ya Kamanga. Nililiangalia kila nilipopumzika, jasho likinitoka, nikijiambia bado ngazi chache.

Usiku ule nilisikia kitu kinacheza kifuani. Nikigeuka, nacho kinageuka nyuma yangu, kama maji kwenye mfuko wa nailoni. Asubuhi mbele ya kioo upande wa kushoto ulikuwa umejaa, karibu kama zamani. Nasema hili kwa sababu naamini kuna mwingine limempata: kwa dakika moja nilifurahi kuuona umejaa. Ndipo woga ukaja.

Maji hayo yanaitwa seroma. Kifuko na ganda lake vikishatoka hubaki pengo, na mwili hujaza pengo hilo kwa majimaji kabla kuta zake hazijashikana. Ukivuta misuli ya kifua, kuta zinasuguana, maji yanazidi. Daktari wa hapa Mwanza aliyatoa kwa sindano huku akitazama kwenye utrasaundi: mililita 140. Sindano sikuihisi. Ngozi ya pale ilikufa ganzi tangu siku ya kisu, na mpaka leo kuna eneo la ukubwa wa kiganja lisilojua baridi wala moto. Aliinua bomba la sindano kwenye mwanga nione. Maji yalikuwa angavu, rangi ya mafuta ya alizeti. "Haya hayanitishi," alisema. "Yakiwa na ukungu, yakinuka, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au ukipata homa, usingoje kupambazuke."

Nikaandika 140. Baada ya siku sita, 95. Wiki iliyofuata, 60. Nikaanza kupumua.

Wiki ya tano kona ya mshono wa kushoto ikafunguka.

Sentimita 2 tu, lakini unaona ndani. Nilimwomba daktari aishone siku hiyohiyo, akakataa. Kidonda cha namna ile huachwa kipone kutoka chini kuja juu, maana ukikifunga mapema uchafu unabaki ndani na unarudia mwanzo. Kwa hiyo siku moja naenda, siku moja napumzika: kinasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, gozi ndani, gozi juu, plasta. Daladala sikuthubutu, mtu akikugonga na kiwiko unaona nyota. Bajaji zilikula faida ya duka mwezi mzima.

Ndipo mama akavuka kutoka upande wa Sengerema. Mdogo wangu alitaka kumleta kwa gari kupitia lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Akakataa, akapanda kivuko cha Kamanga kama siku zote. Alifika na michembe, dagaa wa kukaanga na fungu la majani kwenye kanga. Hakukaa hata. Alibandika sufuria jikoni, akaniambia nivue blauzi anikande, kama alivyonikanda baada ya kila uzazi.

Hapo uongo uliishia. Maji ya moto kwenye ngozi isiyohisi yangeniunguza bila mimi kujua, na kidonda kilikuwa wazi.

"Mama, sikandwi. Pamekufa ganzi."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa."

Akanitazama. "Uvimbe gani huo, mwanangu, wa pande mbili?"

Nilimwambia yote, kuanzia Istanbul. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameanza kuchambua dagaa, na hakuacha kuchambua. Nilisubiri aulize bei, au aseme yale ambayo miaka 13 nilikuwa namsikia akiyasema kichwani mwangu. Aliuliza kitu kimoja: "Siku ile kule, ulipozinduka, nani alikupa maji ya kunywa?"

Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Alilia kwa hilo. Silikoni hakuitaja tena.

Kesho yake alishuka ngazi kuchota maji, nikamsikia kutoka dirishani akimwambia jirani, "Mwanangu amepasuliwa kifua, habebi kitu." Jirani akasema pole, pole sana mama, na mchana kijana wake akapandisha madumu mawili. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nimeiwaza sana sentensi ile ya maneno matano. Sikuwa na deni la kumweleza kila mtu habari za matiti yangu, na wala sikuhitaji kubuni uvimbe. Kweli ndogo ya kunilinda ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na mimi nilichagua ndoo.

Baada ya hapo ni kusubiri, na kusubiri hakuna mtu anayekueleza kulivyo. Nesi alipima kina cha kidonda kwa kijiti cha pamba, mimi naandika. Mbili. Moja nukta nane. Moja nukta tano. Kisha moja nukta tano kwa wiki mbili nzima. Wiki hizo mbili zilinishinda kuliko operesheni. Nilikuwa nafanya kila nilichoambiwa, nalala chali nimeegemea mito, navaa sidiria ya kubana usiku na mchana, nakula mayai na mchemsho wa sato kila siku kwa kuwa daktari alisisitiza protini, na namba haisogei. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kujinusa kama kuna harufu. Nilimpigia nesi mara mbili kwa homa ambayo haikuwepo. Mara zote mbili alipokea, akaniuliza maswali yake polepole, na Mungu ambariki kwa ule upole.

Na kuna kioo. Hili silipambi. Ngozi iliyokuwa imetanuliwa miaka 13 imelala mikunjo, na kushoto kuna bonde pale ganda lilipokuwa limegandamana na misuli. Daktari alisema bonde linaweza kujaa kiasi ndani ya mwaka, na kwamba ipo operesheni ya kuinua. Kwa sasa nimesema hapana. Sitaki mpira mwingine ubavuni.

Wiki ya kumi na nne kidonda kilifunga. Nesi alibonyeza kwa gozi kavu, akainua, gozi ikatoka kavu. Alinionyesha pande zote mbili.

Sasa mvua zimeanza na tangi la jirani limejaa. Dukani bado namwita kijana kutundika magauni ya msumari wa juu, mkono wa kushoto unapanda hadi kwenye sikio halafu kovu linauvuta. Juzi ulikuwa unaishia kwenye bega. Neema amerudi likizo, amelikuta daftari mezani, akauliza 140 ni ya nini. Nimemwambia akae.

Jumanne nina utrasaundi ya kuangalia kama maji yameisha kabisa. Nimemwambia mama hakuna haja ya kuja. Anavuka na kivuko cha asubuhi.