Nyundo ya Sao Hill

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Iringa, mwalimu wetu wa filamu alitupa kazi ya kutengeneza trela ya sekunde 90 ya filamu ya taharuki ambayo haikuwapo, kwa sharti kwamba kila kaida ya utanzu huo tutakayoitumia tuweze kueleza inamfanya nini mtazamaji. Kaida zenyewe kila mtu kikundini alizijua kwa macho: mwanga hafifu unaoacha nusu ya uso gizani, picha zinazokatwa kwa kasi inayozidi kuongezeka, mdundo wa moyo, kimya cha ghafla, skrini nyeusi, kisha jina la filamu. Kazi ilikuwa kwenye kueleza.

Wenzangu walipendekeza jumba lililotelekezwa, usiku wa radi, na mtu mwenye kisu aliyejifunika kofia ya koti. Nilipinga kwa moyo wote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuniambia jumba hilo liko mtaa gani wala mtu huyo anatafuta nini. Mimi nimekulia Mafinga, kilomita 80 hivi kutoka Iringa kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, jirani na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na nilijua jambo linaloweza kumnyima mtu usingizi huko, nalo ni gogo lenye alama isiyopaswa kuwapo. Alama hiyo, inayoonyesha kwamba gogo limevunwa kihalali, hugongwa kwa nyundo maalumu ya maofisa wa misitu, nayo nyundo haiachwi ovyo. Basi hadithi yetu ikawa ya karani kijana anayekuta kwenye rundo la magogo alama mbichi iliyogongwa usiku, ilhali nyundo imo kabatini na ufunguo anao yeye.

Mwalimu alikuwa ametufundisha mfano ambao Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut katika mazungumzo yao ya mwaka 1962. Bomu lililofichwa chini ya meza likilipuka bila watazamaji kujua kwamba lipo, wanapata mshtuko wa sekunde 15. Wakijulishwa mapema, wanapata taharuki ya dakika 15. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mwa trela tuliweka picha ya karibu ya mkono ukikandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni ya mche, ukauinua taratibu, na meno ya ufunguo yakabaki yamechorwa kwenye sabuni. Uso wa mwenye mkono hatukuuonyesha. Kuanzia hapo, kila karani alipopapasa mfuko wake na kutulia kwa kuusikia ufunguo, mtazamaji alijua kwamba utulivu ule hauna msingi.

Tulipiga picha mwezi Juni, kwa kibali, asubuhi ambazo ukungu wa wilaya ya Mufindi ulikuwa haujaondoka. Misindano ya kupandwa husimama kwa mistari iliyonyooka, hivyo mtu anayevuka mistari hiyo kwa mbali huonekana, hupotea, huonekana tena, na kamera haina haja ya kusogea hata kidogo. Sijawahi kuona taa wala mashine ya moshi iliyotufaa kuliko msitu ule.

Hatukutaka kuigusa alama ya serikali hata kwa maigizo, kwa hiyo fundi chuma wa Mafinga alitutengenezea nyundo yenye herufi za kubuni. Mwigizaji wetu alipoigonga kwenye gogo mara ya kwanza, mzee mlinzi aliyekuwa akituongoza alimsogelea akamshika kiwiko.

“Mwanangu, ukigonga kwa woga alama inatoka nusu. Mtu aliyezoea hagongi mara mbili.”

“Shikamoo mzee, naomba nusu hiyo tuiache hivyohivyo,” nikamwambia, maana nilikuwa nimeona jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria tulipokuwa tukiandika. Alikubali kwa kucheka. Tulipiga picha ya alama ile kwa karibu sana: upande mmoja wa herufi umezama kwenye mti, upande wa pili umekwaruza tu, na utomvu umeanza kutoka.

Katika kuhariri nilitetea jambo moja, kwamba mdundo wa moyo uondoke na mahali pake uwe mlio wa nyundo. Mwanzoni pigo lilikuja kila baada ya sekunde nne, kisha mbili, kisha moja, mpaka vipande vikafikia fremu 12, yaani takriban nusu sekunde. Sikio lilipokwisha kuzoea, mahali pa pigo la mwisho tukaweka skrini nyeusi bila sauti yoyote, halafu jina.

Siku ya kuonyesha darasani, pigo lile lisilokuwapo liliwafanya watu wa mstari wa mbele wajirudishe nyuma kwenye viti. Mwalimu akaniuliza kaida ya kimya inafanya nini, nikamjibu kwamba inamwachia mtazamaji agonge mwenyewe. Ubishi ukaanza kuhusu mhalifu: wengine walimshuku mlinzi, wengine mkuu wa ofisi. Mwenzetu kutoka Njombe, ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa mbao, aliomba turudishe nyuma mpaka kwenye alama ya gogo, akaitazama, akasema, “Huyo si mtu wa msituni. Mmeona alivyogonga?” Nikamwomba aje kwenye kikundi chetu tuiandike filamu yenyewe, akakubali.